Ramli, Beti na Ujirani wa Maana: Historia ya Usomaji wa Alama katika Mitaa ya Eastlands, Nairobi

Utangulizi

Mhakiki anapokutana na alama katika kazi ya fasihi, swali linalomjia haraka ni moja: alama hii ina maana gani? Akishajibiwa kwamba maji ni uzima, kwamba giza ni ujinga na kwamba njia ni maisha, huridhika na kuendelea na safari yake. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba swali hilo, japo lina manufaa yake, halitoshi. Alama haina maana iliyokamilika kabla ya kuwekwa mahali fulani na kupewa majirani. Maana hutokana na ujirani huo.

Dai hili si geni katika nadharia. Wafuasi wa umuundo wamekuwa wakilisema tangu mihadhara ya Saussure ilipochapishwa mwaka 1916. Tunalotaka kuonyesha ni kwamba Waswahili hawakulisubiri litoke Geneva. Walikuwa nalo katika fani mbili ambazo wataalamu wetu huziweka mbali mbali: ushairi wa kimapokeo na upigaji wa ramli. Fani hizi mbili zinashirikiana hata katika istilahi zake za msingi, na zote mbili zilisafiri kutoka pwani hadi Nairobi pamoja na watu waliojenga vijiji vya mwanzo vya upande wa mashariki wa mji huo. Mwishoni mwa makala tutadai kwamba historia ya mitaa hiyo yenyewe imeharibiwa na usomaji wa alama moja moja, na kwamba mpiga ramli angeweza kumfundisha mwanahistoria jambo moja la maana.

Hatukusudii kuthibitisha wala kukanusha kwamba ramli hufichua ghaibu. Hilo ni suala la imani, na wanavyuoni wamelijadili vya kutosha. Tunaitazama ramli kama mfumo wa kusoma.

Turufu na ramli

Msomaji aliyezoea mambo ya Ulaya huenda akauliza kwa nini tusianze na taroti, zile karata 78 za uaguzi ambazo vitabu vyake vimeenea duniani kote. Kwa hakika, historia ya taroti inatugusa kwa namna isiyotarajiwa. Karata hizo zilianza kaskazini mwa Italia katika karne ya 15 kama mchezo wa kawaida, na katika kumbukumbu za miaka ya 1440 zinaitwa karata za *trionfi*, yaani za ushindi. Jina hilo ndilo lililozaa neno la Kireno *trunfo*, na Wareno, waliotawala Mombasa na kujenga Ngome ya Yesu kuanzia mwaka 1593, wakatuachia turufu. Kadhalika, karata, kopa, uru, shupaza na pau ni maneno ya Kireno yaliyovaa kanzu ya Kiswahili. Kwa hiyo mchezaji wa karata wa Majengo anayepiga turufu mezani hutamka, bila kujua, jina la kale la taroti.

Uaguzi kwa karata hizo ulikuja baadaye sana. Ni mwaka 1781 ambapo Court de Gébelin, mwandishi wa Kifaransa, alidai kwamba karata zile zilikuwa mabaki ya hekima ya Misri ya kale, dai ambalo halikuwa na ushahidi wowote. Tangu hapo vimeandikwa vitabu vingi vya kueleza maana ya kila karata. Kile cha A. E. Waite cha mwaka 1910, kwa mfano, huipitia karata moja baada ya nyingine na kuiwekea maana zake kama kamusi iwekavyo vidahizo. Lakini mtu akishalijua fungu zima kwa njia hiyo bado hajui kusoma. Karata zinapotandazwa, Mnara ukiwa karibu na Nyota si Mnara ule ule ukiwa karibu na Mauti, na hapo kamusi humwacha msomaji peke yake.

Taroti haikuwa na mizizi katika mitaa ya Eastlands. Kilichokuwa na mizizi ni ramli. Nayo ramli, tofauti na taroti, haikuacha suala la ujirani wa alama mikononi mwa kipaji cha msomaji. Ilikuwa na kanuni, na kanuni hizo ni za hesabu.

Njia ya ramli hadi Eastlands

Elimu ya ramli, yaani elimu ya mchanga, ilisitawi katika ulimwengu wa Kiarabu na kuenea pande zote. Katika karne ya 12 ilifasiriwa kwa Kilatini. Huko Madagaska inaitwa sikidi. Mfumo wa Ifa wa Wayoruba, ambao alama zake 256 hupatikana kwa kuunganisha maumbo 16 na maumbo 16, una undugu wa karibu nao. Mapokeo ya wapiga ramli huinasibisha elimu hii na Nabii Idrisi. Ibn Khaldun, katika utangulizi wa historia yake aliouandika mwaka 1377, hakushawishika. Aliona kwamba kanuni zake ni za kupangwa na watu, na kwamba wengi wanaoishughulikia mijini wanatafuta riziki. Tutairudia hoja yake.

Katika pwani ya Afrika Mashariki, kupiga ramli au kupiga bao kulikwenda sambamba na kuangalia falaki. Kwa falaki, herufi za jina la mteja na za jina la mama yake hugeuzwa kuwa tarakimu kwa hesabu ya abjadi. Jumla hugawanywa kwa 12, na kinachobaki huonyesha buruji, au kama watu wasemavyo, nyota yake. Tutambue kwamba hata hapa mtu hasomwi peke yake. Jina lake halina nyota mpaka liunganishwe na jina la mama.

Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kituo cha reli. Miongoni mwa Waafrika wa kwanza kuishi hapo walikuwa Waislamu waliotoka pwani au waliosilimu safarini: wapagazi, askari, wafanyabiashara wadogo na wanawake waliojitegemea. Vijiji vyao vilikuwa na majina yanayoeleza asili yao na hali yao: Pangani, Mji wa Mombasa, Maskini, Kaburini. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 serikali ilianzisha Pumwani ili iwe makazi rasmi ya Waafrika, na vijiji hivyo vikavunjwa kimoja kimoja. Pangani ndicho kilichodumu zaidi. Kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na wakazi wake wakaelekezwa Shauri Moyo, katika nyumba zilizojengwa na Baraza la Manispaa. Kaloleni, Ziwani, Bahati, Jericho na mitaa mingine ilifuata katika miongo iliyokuja.

Pumwani, hasa sehemu ya Majengo, ilichukua umbo la mji wa Kiswahili. Nyumba ilikuwa na ukumbi katikati na vyumba kulia na kushoto, kila chumba na mpangaji wake. Palikuwa na misikiti, vyuo vya Kurani na lugha ya Kiswahili iliyowaunganisha watu wa makabila mengi. Katika mazingira hayo ramli haikuwa kitu cha kigeni. Ilikuwa sehemu ya elimu iliyobebwa na jumuiya hiyo, ikipingwa na baadhi ya masheikh na kutafutwa na baadhi ya waumini wao, kama ilivyokuwa Mombasa, Lamu na Unguja.

Namna bao linavyosomeka

Mpiga ramli huchoma au huchora nukta mchangani, au karatasini, bila kuzihesabu, katika mistari 16. Kisha huzihesabu mbili mbili. Mstari ukibakisha moja huandikwa nukta moja. Ukibakisha mbili huandikwa nukta mbili. Kila mistari minne hufanya umbo moja. Kwa kuwa kila mstari una uwezekano wa namna mbili, maumbo yanayowezekana ni 16 tu. Hii ndiyo alfabeti nzima ya ramli.

Maumbo manne ya kwanza huitwa mama. Mstari wa kwanza wa kila mama ukichukuliwa na kupangwa kwa zamu, hupatikana binti wa kwanza. Mistari ya pili humtoa binti wa pili, na kuendelea hadi mabinti wanne. Kisha maumbo huunganishwa mawili mawili kwa kujumlisha nukta zao, mstari kwa mstari: jumla ikiwa witiri huandikwa nukta moja, ikiwa shufwa huandikwa mbili. Mama wa kwanza na wa pili humzaa mzaliwa wa kwanza, na kadhalika, hadi wazaliwa wanne. Wazaliwa nao huzaa mashahidi wawili, wa kulia kutoka upande wa mama na wa kushoto kutoka upande wa mabinti. Mashahidi humzaa mmoja, ambaye ni hakimu na ambaye kwa Kiarabu huitwa mizani. Hatimaye hakimu huunganishwa na mama wa kwanza kutoa umbo la 16, liitwalo akiba, yaani mwisho wa jambo.

Maumbo 12 ya kwanza hukaa katika nyumba 12: ya nafsi, ya mali, ya ndugu, ya wazazi na makazi, ya watoto, ya maradhi, ya ndoa, ya mauti na hofu, ya safari, ya kazi na mamlaka, ya matumaini na marafiki, na ya maadui.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mpangaji wa Shauri Moyo ambaye kazi imempotea anauliza: nikae mjini au nirudi kwetu? Tuseme mama wanne wamekuwa Tariki, yaani njia (1-1-1-1). Jamaa, yaani mkusanyiko (2-2-2-2). Humra, yaani wekundu (2-1-2-2). Na Bayadhi, yaani weupe (2-2-1-2). Mabinti watakuwa Dhahiki, yaani mwenye kucheka (1-2-2-2). Kabdhi Kharija, yaani mshiko unaotoka (1-2-1-2). Ukla, yaani kifungo (1-2-2-1). Na Dhahiki tena. Wazaliwa watakuwa Tariki tena, Ijtimai, yaani mkutano (2-1-1-2), Bayadhi tena, na Ankisi, yaani kilichopinduliwa, ambayo ni umbo la huzuni (2-2-2-1). Shahidi wa kulia ni Ukla. Wa kushoto ni Nusra Dakhila, yaani msaada unaoingia (2-2-1-1). Hakimu ni Kabdhi Kharija. Akiba ni Kabdhi Dakhila, yaani mshiko unaoingia (2-1-2-1).

Mambo matatu yanajitokeza. Kwanza, umbo hubadilika kwa kubadili nyumba. Dhahiki imetokea mara mbili, katika nyumba ya watoto na katika nyumba ya mauti na hofu. Kicheko cha watoto ni jambo moja; kicheko ndani ya nyumba ya mauti ni jambo jingine kabisa, na msomaji hana budi kuchagua kama ni faraja baada ya hofu au ni kejeli. Kadhalika Tariki imo katika nyumba ya nafsi na katika nyumba ya safari. Mtu huyu amekuja kuuliza kuhusu njia ilhali njia tayari imo nafsini mwake.

Pili, umbo hupata maana kwa kupingana na umbo jingine. Ankisi ni Dhahiki iliyosimamishwa kwa kichwa. Tofauti ya furaha na huzuni ni mahali nukta moja ilipokaa, juu au chini. Kabdhi mbili nazo zimepishana mstari kwa mstari, palipo na moja kwa hii pana mbili kwa ile.

Tatu, na hili ndilo kubwa, hukumu haisomeki bila mashahidi wake. Kabdhi Kharija ikisomwa peke yake ni hasara: kilichokuwa mkononi kinatoka. Hapa, hata hivyo, imezaliwa na kifungo kwa upande wa kulia na msaada kwa upande wa kushoto. Kinachotoka mkononi ni nini basi? Huenda ni pingu. Na hukumu hiyo ikiongezewa njia, ambayo ndiyo mama wa kwanza, mshiko unaotoka unageuka kuwa mshiko unaoingia.

Sasa tuseme kwamba kidole cha mpiga ramli kiliteleza, kikachoma nukta moja zaidi katika mstari wa kwanza kabisa. Mama wa kwanza atakuwa 2-1-1-1 badala ya 1-1-1-1. Msomaji akifuatiliza hesabu ataona jambo la kustaajabisha: hakimu anabaki yule yule, Kabdhi Kharija. Lakini shahidi wa kulia sasa ni Ankisi, huzuni, na wa kushoto ni 1-2-1-1. Akiba imekuwa 1-1-2-1. Mshiko unaoingia umetoweka. Hukumu ni ile ile kwa herufi zake, na mpangaji yule yule wa Shauri Moyo, mwenye swali lile lile, anaondoka na jibu tofauti. Anayesoma kwa kamusi hataiona tofauti hiyo, kwa sababu katika kamusi Kabdhi Kharija ni Kabdhi Kharija.

Beti na mizani

Mhakiki wa ushairi wa Kiswahili atakuwa amekwisha kutambua maneno mawili katika maelezo haya. La kwanza ni nyumba. Kwa Kiarabu, nyumba za ramli huitwa *buyut*, wingi wa *bayt*. Neno hilo hilo ndilo linalotumika kwa mshororo wa shairi la Kiarabu, na ndilo asili ya neno letu ubeti. La pili ni mizani, ambalo katika ramli ni jina la hakimu na katika arudhi ya Kiswahili ni hesabu ya silabi.

Mtu anaweza kusema kwamba huu ni mgongano wa maneno tu. Sisi tunaona kwamba kazi inayofanywa na maneno hayo katika fani zote mbili ni moja. Ubeti ni mahali panapokaliwa. Kibwagizo kinachorudiwa mwishoni mwa kila ubeti hakibadiliki hata kwa herufi moja, na bado msikilizaji hakisikii vile vile, kwa sababu mishororo iliyokitangulia imebadilika. Katika ubeti wa kwanza huwa ni taarifa, katika wa tano huwa ni onyo, na katika wa mwisho huwa ni kilio. Kibwagizo kinahama nyumba kama Dhahiki ilivyohama kutoka nyumba ya watoto hadi ya mauti. Mhakiki anayekieleza kibwagizo mara moja, mwanzoni mwa uchambuzi wake, na kukiacha hapo, hajakisoma.

Mizani nayo ni kipimo cha kosa. Katika ushairi, mshororo uliopungukiwa na silabi humfichua mtungaji au mnakili. Katika ramli, hakimu lazima awe na jumla ya nukta iliyo shufwa. Sababu yake ni ya hesabu: mabinti ni nukta zile zile za mama zilizopangwa upya, kwa hiyo shahidi wa kulia na wa kushoto daima hulingana kwa witiri au shufwa, na wakiunganishwa hutoa shufwa. Hivyo, kati ya maumbo 16, ni 8 tu yanayoweza kuwa hakimu: Tariki, Jamaa, Ukla, Ijtimai, Kabdhi mbili na Nusra mbili. Yakitokea mengine, mpiga ramli amekosea na hana budi kuanza upya. Dhahiki haiwezi kuhukumu, wala Ankisi. Humra na Bayadhi vile vile. Yaani furaha na huzuni, wekundu na weupe vinaweza kutoa ushahidi, lakini haviwezi kukaa katika kiti cha hakimu. Kiti hicho ni cha njia, mkusanyiko, kifungo, mkutano, kupata, kupoteza, na msaada unaoingia au kutoka. Yote hayo ni mambo ya uhusiano kati ya mtu na mtu au kati ya mtu na kitu.

Hapa ndipo tunapoirudia hoja ya Ibn Khaldun. Ni kweli kwamba kanuni za ramli zimepangwa na watu. Ni kweli pia kwamba mpiga ramli mjanja humsoma mteja kabla ya kulisoma bao: viatu vyake, lafudhi yake, kusita kwake anapotaja jina la mama. Mabao yanayowezekana ni 65,536, na kila moja linaruhusu tafsiri nyingi. Lakini haliruhusu tafsiri zote. Mizani hufunga mlango kwa baadhi yake, na mashahidi hufunga kwa nyingine. Uhuru wa kufasiri ulio na mipaka inayoweza kukaguliwa na mtu mwingine ndio tunaoutafuta katika uhakiki, na mara nyingi tunaukosa. Tuna wahakiki wanaoamini kwamba alama ina maana moja ya kudumu, na wengine wanaoamini kwamba ina maana yoyote atakayo msomaji. Mpiga ramli wa Majengo angewashangaa wote wawili.

Alama moja au bao zima

Katika mitaa hiyo hiyo, na katika miaka hiyo hiyo, palikuwa na mfumo mwingine wa kusoma watu kwa alama. Sheria ya kuwasajili wanaume wa Kiafrika ilipitishwa mwaka 1915 na kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume alitakiwa kuwa na kipande: karatasi iliyokuwa na jina, kabila, alama za vidole na kumbukumbu za waajiri, ndani ya kikasha cha chuma ambacho wengi walikivaa shingoni. Mwajiri asipotia sahihi ya kumruhusu mfanyakazi aondoke, mtu huyo alihesabiwa kuwa mtoro. Kipande kilikuwa na alama nyingi, lakini kilisomwa kwa alama moja. Sahihi ikikosekana, mengine yote hayakuwa na neno.

Ramli yenyewe ilisomwa na dola kwa namna hiyo. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925, iliyorithiwa na Kenya huru, ililenga wanaojidai kuwa na nguvu zisizo za kawaida kwa namna ya kuwatia wengine hofu, udhia au madhara. Macho ya kisheria hayakutofautisha kwa makini kati ya anayeroga, anayeagua na anayehesabu nukta. Athari yake kwa mtafiti ni kubwa. Elimu iliyowahi kuwa na istilahi, hesabu na ubishi wa kitaalamu inaonekana katika nyaraka kwa jina moja tu, uchawi, tena kupitia kalamu ya aliyetaka kuikomesha. Mtafiti anayetegemea nyaraka hizo pekee anasoma hakimu bila mashahidi.

Hali kadhalika historia ya Pumwani. Kwa muda mrefu mtaa huo ulisimuliwa kwa alama moja, malaya, na kwa alama ya pili iliyofanana nayo, mabanda. Utafiti wa Janet Bujra katika miaka ya 1970, na kitabu cha Luise White cha mwaka 1990 kuhusu wanawake wa Nairobi ya kikoloni, uliiweka alama hiyo karibu na majirani zake. Ilidhihirika kwamba wanawake wengi walioitwa kwa jina hilo walikuwa pia wenye nyumba. Walijenga, walipangisha, walirithisha, na wengine walipeleka fedha mashambani kuokoa mali ya familia zao. Neno malaya likikaa peke yake ni hukumu ya kimaadili. Likikaa kando ya mwenye nyumba, na kando ya mji uliotaka vibarua wa kiume bila kutaka familia zao, linakuwa sura ya historia ya uchumi. Alama haikubadilika, kilichobadilika ni nyumba iliyowekwa na mashahidi walioitwa.

Katika miongo ya karibuni, nguzo za umeme na kuta za Eastlands zimejaa matangazo ya waganga wanaojitambulisha kwa asili yao ya pwani au Tanzania na kuahidi kurudisha mpenzi, kazi au mali iliyoibwa. Ni rahisi kuyacheka. Lakini hata matangazo haya yana kanuni ya kusomwa. Yanapangwa kama orodha, tatizo na dawa, alama na maana yake. Ni kamusi iliyobandikwa ukutani. Tukiyalinganisha na bao la ramli tunaona kilichopotea: uaguzi umebaki na vidahizo lakini umepoteza sarufi. Upungufu huo si wa waganga peke yao. Miongozo ya fasihi inayouzwa kwa wanafunzi wa shule, yenye orodha ya alama na maana zake tayari kwa mtihani, imetungwa kwa mtindo huo huo.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba ramli, iliyofika Eastlands pamoja na watu wa Pangani na Pumwani, ni mfumo wa kusoma ambamo umbo hupata maana kwa nyumba linamokaa, kwa maumbo yanayolizunguka na kwa mashahidi waliolizaa. Tumeonyesha pia kwamba istilahi zake kuu, nyumba na mizani, ndizo istilahi za arudhi yetu, na kwamba undugu huo unatokana na kazi moja inayofanywa na maneno hayo.

Kutokana na hayo tunapendekeza mambo mawili. Kwa mhakiki, uchambuzi wa alama usianze na orodha ya maana bali na ramani ya mahali: alama imetokea wapi, mara ngapi, karibu na nini, na ni alama gani iliyo kinyume chake. Kwa mwanahistoria wa mitaa yetu, jina lolote la lawama linalopatikana katika nyaraka lichukuliwe kuwa hukumu ambayo mashahidi wake bado hawajaitwa. Kazi ya kuwaita ni ngumu, na wengi wao wamekwisha fariki. Wazee wachache waliobaki Majengo na Shauri Moyo wangali wanakumbuka nani alikaa chumba gani na jirani yake alikuwa nani. Tuwaulize hilo kwanza.